Vifungo Sita vya Fundi

Jumanne, saa tisa na robo alasiri. Saa ya ukutani ya Fundi ilisema tisa na nusu, lakini saa ile hukimbia kwa robo nzima na yeye hairekebishi, kwa sababu anasema ndiyo kitu pekee dukani mwake kinachowahi.

Nilikuwa natoka shuleni kwa Masera, yaani watawa, na nilikuwa nachechemea. Fundi alinitazama juu ya miwani.

“We mutoto, kiatu iko na jiwe?”

“Hapana, Fundi. Iko na karatasi.”

“Lete.”

Nilikuwa nimeikunja mara nane. Aliifungua, akaisoma akiwa na pini mdomoni. Ilisema kwamba mtihani wa kusema Kifaransa nimepata sifuri, si kwa kukosea, bali kwa sababu sikufungua mdomo kabisa. Nitajaribiwa tena mbele ya Mkaguzi baada ya wiki tatu. Nikinyamaza mara ya pili sitapanda darasa. Nitarudi nyumbani, na nyumbani ilishajulikana kwamba nitakwenda kukaa na mama mkubwa sokoni, kwenye meza yake ya vitenge, ambako mtu hulazimika kuita wateja kwa sauti kuanzia asubuhi. Sijui ni nani aliyefikiri hiyo ni kazi ya kumpa mtu kama mimi.

“Sifuri ya kunyamaza,” alisema Fundi. “Hiyo si mbaya. Mbaya ni sifuri ya kusema upuuzi. Kaa hapo. Tunga sindano.”

Hivyo ndivyo nilivyoanza kwenda kwake kila siku. Nilikuwa namjua tangu nilipoanza kutembea, kama tunavyomjua wote mtaani kwetu, mtaa wa Waswahili, kwa sababu kibaraza chake kiko kwenye njia ya kwenda Goma, ng’ambo ya mpaka, na hakuna anayeweza kupita bila kusalimu. Mimi nilikuwa napita upande wa pili wa barabara. Nilikuwa nachezesha midomo tu, shikamoo isiyo na sauti, na yeye alijibu “Marahaba” kwa sauti ya watu wawili, yangu na yake, ili wapita njia wasinione sina adabu. Sikumshukuru kamwe. Ningemshukuruje na sauti ndiyo sina.

Sitaandika alizaliwa wapi, maana kila nikimuuliza anataja mji mwingine.

Kifaransa chake alikitoa kwenye takataka. Bibi mmoja wa Kizungu wa zile nyumba za ufukweni mwa ziwa alimpa rundo la karatasi kuukuu akatie vielelezo, yale maumbo ya karatasi ambayo fundi hufuatisha akikata kitambaa. Fundi akakata. Alikuwa ameshakata kola tatu, mikono ya mashati na mifuko alipogundua kwamba anachokikata ni kitabu cha vitenzi vya Kifaransa. Akakaa chini, akaanza kuisoma kola. Mpaka leo elimu yake imetundikwa kwenye misumari ukutani: kitenzi *jeter*, kutupa, kiko kwenye kola ya mtu mwenye shingo nene, *acheter*, kununua, kiko kwenye ncha ya mkono wa shati, *nettoyer*, kusafisha, ni mfuko wa koti. Vitenzi vilikuwa vimepangwa kwa alfabeti, na kurasa zote baada ya herufi P zilikuwa zimekwisha kuwa suruali ya bwana mmoja wa hoteli, mtu wa tumbo kubwa. Alipohamia Bukavu bwana huyo alidai vielelezo vyake, akaondoka navyo. Kwa hiyo Fundi hajui kitenzi hata kimoja kinachoanza na R, S au T.

“Baada ya P,” aliniambia, “watu hawasemi sana.”

Masera hutufundisha vitenzi kwa kutuimbisha darasa zima, na mimi darasani huimba kwa kuchezesha midomo, ndiyo maana hakuna aliyenigundua mpaka siku ya mtihani. Fundi hakuimbisha. Alifundisha kama mtu anayepima nguo.

“Angalia *jeter*. Ikiwa imening’inia tu, haijavaliwa na mutu, iko na t moja. Sasa mutu anavaa. Mimi natupa: inabana kifuani. Tunaongeza kitambaa, t mbili. Wewe, t mbili. Yeye, t mbili. Wao pale mwisho, t mbili. Lakini sisi na ninyi, *nous* na *vous*, hawa ni wazee wa heshima, wamekuja na nguo zao toka nyumbani. Usiwaguse. T moja, salamu, wapite.”

“Na *acheter*?”

“Hiyo haitaki kitambaa. Inavaa kofia ya upande, hapa juu ya e. Watu wanne kofia, wazee wawili kichwa wazi. *Nettoyer*, y inakatwa mukia inabaki i. Bon. Umeelewa? Kuongeza, kuvalisha, kukata. Ufundi ni huo tu. Wazungu wametia maneno mingi.”

Nilielewa. Sijui kwa nini kwa Masera sikuelewa mwaka mzima na hapa nikaelewa kabla ya sindano ya saba.

Sindano ndiyo ilikuwa ada. Kitenzi kimoja, sindano kumi zilizotungwa uzi. Macho ya Fundi hayaoni tena tundu la sindano, lakini hilo halisemwi. Anasema kwamba sindano za siku hizi zinatengenezwa na watu wavivu.

Na alikuwa na kile kitambaa chake. Ni kipande cha kaki chenye urefu wa kiganja na nusu, kimeshonewa vifungo sita kwa mstari. Vitatu vya kwanza ni vikubwa, vya koti. Cha nne na cha tano ni vidogo, vya shati. Cha sita kikubwa tena. Mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao. Unafumba macho, unapitisha kidole gumba kutoka juu kwenda chini. Kidole kikigusa kikubwa, unabadilisha nguo. Kikigusa kidogo, unaiacha. Watoto wengi wa mtaa wetu wamepitia kile kitambaa, vifungo vimelainika kama kokoto za ziwani.

Kasoro ya mafundisho yake ilikuwa pini. Fundi hufanya kazi akiwa na pini sita kati ya midomo, upande wa kushoto, na hazitoi anaposema, anapocheka, hata anapogombana na mkewe. Anazitoa kwa kula na kwa kusali tu. Tumejifunza Kifaransa kutoka kwenye mdomo uliofungwa nusu, na tunakisema hivyohivyo. Pale shuleni wasichana wa Kiislamu tuko wanne, tunakaa dawati moja, na watatu tumepita kwa Fundi. Siku moja Masera wa darasa letu alimwita mama akamuuliza kwa upole kama mtaani kwetu kuna ugonjwa wa meno.

Mama alirudi amekasirika. “Banasema watoto yetu banaongea kama banabusu ukuta,” alimwambia Fundi. “Ni we.”

“Hiyo ndiyo sauti ya Paris,” alisema Fundi, na pini zake.

“Umefika Paris lini?”

“Suruali zangu zimefika.”

Mkewe, tunayemwita Mama Fundi, alikuwa akisikia yote kutoka uani, na hakuna neno lililompita. Ni mtu mwembamba mwenye sauti kubwa, kinyume cha mumewe.

“Anakonjuga,” alikuwa akiwaambia wateja waliokuja kuuliza nguo zao, yaani ananyambua vitenzi. “Tangu asubuhi anakonjuga. Koti ya Mwalimu wa chuo haina mikono, lakini *nous* na *vous* wamelala vizuri.”

Maana jambo jingine kumhusu Fundi ni kuchelewa. Ahadi yake ni moja, “Kesho asubuhi,” na ukija kesho asubuhi anashangaa kweli, kama mtu aliyetembelewa na mgeni wa mbali. Wamama wa Kanama wanaoleta viazi sokoni walikuwa wakimwachia kaptula za waume zao msimu wa kupanda, wakizichukua msimu wa kuvuna. Bwana harusi mmoja alipelekwa msikitini mkono mmoja wa kanzu ukiwa umeshikizwa kwa uzi mweupe, Fundi akimfuata nyuma na sindano, na watu wakadhani ni mzee wa familia. Huwa anashona kifungo cha mwisho mteja akiwa ndani ya nguo. Anasema nguo haijui umbo lake mpaka isikie joto la mtu.

Na yeye mwenyewe, anayevisha mtaa mzima, kanzu yake ya kila siku imechanika kwapani. Ana koti moja zuri jeusi, limetundikwa msumarini, halivai. Nikimuuliza analiweka kwa siku gani, anasema, “Siku yenyewe itajitambulisha.”

Sasa niandike jambo ambalo kwa muda mrefu sikulielewa. Siku moja nikiwa natunga sindano, gari ilisimama na Bwana Mkubwa mmoja wa Kizungu wa Teritwari, ofisi ya serikali, akashuka, anataka kupimwa kaptula. Alisema Kifaransa, polepole, maneno mepesi, kitenzi cha kutaka, cha kununua na cha kuleta. Nilivielewa vyote, na vingine vilikuwa ukutani pale. Nikamtazama Fundi, nikingoja aseme. Fundi alimpima kiuno, akampima paja, akaandika tarakimu zake, na hakutoa neno. Yule bwana aliuliza tena, lini? Fundi akanyoosha kidole upande wa mashariki, linakotokea jua, maana yake kesho asubuhi. Bwana akaondoka akitikisa kichwa.

“Mbona hukumjibu, Fundi?”

“Nilikuwa na pini.”

Lakini pini hazijawahi kumzuia. Nilidhani ni maringo. Nilidhani Fundi anaona Kifaransa chake ni kizuri mno kukitumia kwa kaptula.

Wiki ya tatu mama alileta kitambaa cha bluu cha gauni jipya la shule, akamtaka Fundi anishonee kwa ajili ya mtihani. Fundi hashoni nguo za kike. Hajawahi. Ni mtu wa kanzu, koti na kaptula. Lakini siku hiyo alikubali haraka, na baadaye akaniita pembeni, ametabasamu mpaka pini zimesimama wima.

“Nitakutilia vifungo,” alinong’ona. “Sita. Vikubwa vitatu, vidogo viwili, kikubwa kimoja. Mbele hapa, toka shingo mpaka kiuno. Ukisimama mbele ya Mukaguzi, weka kidole tu, kama mutu anayepanga nguo yake. Nani atajua?”

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimepona. Nililala vizuri mara ya kwanza tangu ile karatasi.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumatano. Gauni, bila shaka, halikuwa tayari. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilisimama kibarazani kwa Fundi nikiwa ndani yake huku yeye akishona kifungo cha mwisho, na hapo ndipo nilipojua viko wapi. Vilikuwa mgongoni. Mama alikuwa amepita jioni iliyotangulia kumkumbusha kwamba kwa Masera mbele ya gauni lazima pawe wazi, ndiyo sheria, vifungo vyote nyuma, na Fundi, ambaye maisha yake yote ameshonea watu wanaofunga mbele, alikuwa amebadilisha bila kufikiri zaidi ya hapo.

“Ni vilevile,” aliniambia. “Weka mukono nyuma. Kama unajikuna kidogo. Kwa heshima.”

Hakukuwa na muda wa kujaribu. Nikaenda.

Chumba kilikuwa na watu watatu: Masera wetu, Mkaguzi, na Mama Mkuu mpya, mtawa mrefu aliyefika kutoka Ubelgiji mwezi uliopita tu, asiyejua neno la Kiswahili wala Kinyarwanda. Mkaguzi alikuwa mtu mfupi mwenye mafua. Akapangusa pua, akasema nimpe kitenzi *jeter*, wakati uliopo, watu wote sita.

Nilikijua. Nilikiona kwenye kola yake ukutani, na msumari wake. Lakini mdomo ulikuwa umefungwa kama siku ile. Masera akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ikaufunga zaidi. Nikaona meza ya mama mkubwa. Nikajiona nimesimama nyuma yake, vitenge vimenizidi urefu, sina sauti ya kumwita hata mteja mmoja.

Basi nikapeleka mkono nyuma.

Mkono unaopita kwa chini haufiki juu. Ninyi mnaosoma, jaribuni. Kidole changu kiligusa kifungo cha mwisho, cha kiunoni, kikubwa. Wao. Nami nilikuwa nimezoea kufuata kidole, si kichwa, kwa hiyo nikasema, “*Ils jettent.*”

Mkaguzi akainua macho. Nikapanda. Kidogo. “*Vous jetez.*” Kidogo tena. “*Nous jetons.*” Kikubwa. “*Il jette.*” Hapo kiwiko changu kilikuwa kimepanda kama bawa la kuku aliyeshikwa, na Masera akauliza taratibu kama nina viroboto. “*Tu jettes,*” nilimjibu, maana kidole kilikuwa kimefika.

Kikabaki kimoja, kile cha shingoni, mimi mwenyewe, na mkono wa chini haukukifikia. Nikaleta ule mwingine juu ya bega. Nilisimama mbele ya wakubwa watatu kama mtu anayejisugua mgongo kwenye maji. Nikakipata, nikakishika kwa nguvu zangu zote, nikasema “*Je jette,*” na kifungo kikang’oka, kikaruka juu ya kichwa changu, kikadunda mezani na kuviringika mpaka kwenye daftari la Mkaguzi.

Ndicho Fundi alichokuwa amekishona asubuhi ile, kwa macho yake yale.

Kisha Mama Mkuu akacheka. Alicheka kwanza yeye, kwa sauti nene ambayo sikuitegemea kwa mtawa, halafu Mkaguzi, mpaka mafua yakamzidi. Nami nikacheka, na nikishaanza kucheka mdomo unakuwa tayari umefunguka, kwa hiyo nikakirudia kitenzi kizima kutoka juu kwenda chini, mikono ikiwa ubavuni. Hakuna aliyeniomba.

Mkaguzi alisema kwamba kasuku hujua njia moja tu, na kwamba mtoto anayeweza kurudi kinyumenyume anajua anakanyaga wapi. Akauliza nani amenifundisha. Masera akajiweka sawa kitini. Nikasema ni fundi wa nguo, na nikaona Masera akilegea, na mpaka leo namwonea haya.

Nilipita. Mama Mkuu alinirudishia kifungo, akanigeuza taratibu kutazama mishono ya gauni langu, akamwandikia Fundi barua palepale.

Saa kumi na moja jioni niliipeleka. Nilimkuta Fundi peke yake, anashona kola. Nilisimama mbele yake na kusema, “Shikamoo, Fundi,” kwa sauti, mpaka muuza mkate wa upande wa pili akageuka. Fundi akasahau kujibu. Mguu wake ulisimama juu ya cherehani.

Nikamsimulia yote. Alicheka kusikia viroboto, hakucheka kusikia kifungo. “Kiling’oka?” aliuliza mara tatu. Kisha akafungua barua. Niliona macho yake yakienda mstari kwa mstari, yakielewa. Mama Mkuu anamwomba afike kesho saa nne, wazungumze wawili tu, kuhusu magauni ya wasichana wote wa shule.

“Huyu Mama Mukuu,” alisema. “Anajua Kiswahili?”

“Hata kidogo.”

“We utakuwepo?”

“Nitakuwa darasani.”

Aliiweka barua chini ya pasi, kama kitu kinachoweza kupeperuka. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazipanga mezani. Haukuwa wakati wa kula wala wa kusali.

“Mwanangu,” alisema, na mdomo wake mtupu ulionekana mdogo kuliko nilivyoujua. “Mi sijasema hata moja mbele ya Wazungu. Hata *je*. Tangu nilipoikata ile kitabu. Nikiwaona, yote inarudi ukutani.”

“Lakini unavijua vyote.”

“Na we ulikuwa huvijui?”

Mama Fundi, kule uani, alikuwa amesikia yote.

“Mwambie nina homa,” alisema Fundi. “Mwambie kesho asubuhi nyingine.”

Asubuhi yake nilifika kibarazani saa kumi na mbili, kabla Fundi hajarudi kutoka msikitini. Mama Fundi alikuwa anafagia. Alinifungulia mlango bila kuniuliza. Nilivua gauni nyuma ya pazia, nikakata vile vifungo vitano kwa mkasi mdogo, nikaongeza cha sita, kile kilichong’oka, ambacho nilikuwa nimekificha kwenye kiatu, na nikashusha lile koti jeusi msumarini. Nilivishona kwa ndani, upande wa kushoto, mahali ambapo mtu akiingiza mkono kama anatafuta leso kidole gumba kinafika bila shida, kuanzia juu kwenda chini, vitatu vikubwa, viwili vidogo, kimoja kikubwa, na kila kimoja nilikipitisha uzi mara kumi, nikamwonyesha Mama Fundi ili naye amwonyeshe mumewe akimvalisha. Kisha nikalivaa gauni likiwa wazi kutoka shingoni hadi kiunoni, na Mama Fundi akanifunga mgongo kwa kitu pekee kilichokuwepo mezani, zile pini sita za mumewe, zote. Nikavaa sweta juu yake, nikaenda shule nikitembea wima kabisa, kwa sababu nikijipinda kidogo tu zinanichoma.